Msahaulifu: Alaumiwe au Asaidiwe?

Yuko mtu mzima, ana akili timamu, si mlevi wala mwendawazimu, asali, afunga, awapenda watoto wake. Lakini ahadi yake haishiki. Aanza kazi kumi asimalize hata moja. Apewa fedha za watu azipeleke mahali, azisahau mfukoni mpaka kanzu ikafuliwa nazo. Miadi ni ya saa mbili, naye afika saa nne, na mwenyewe aapa ya kwamba alitoka nyumbani mapema. Usiku ajuta mpaka machozi, na kesho yake ayarudia yale yale. Je, mtu huyu ana makosa, au ana udhuru?

Aghalabu mji huwa umekwisha kumhukumu kabla ya suali kuulizwa. Aitwa mzembe, mpuuzi, mtu asiye na ahadi. Mkewe asema, "Angalitaka angaliweza, mbona mpira haukosi?" Tajiri wake amwachisha kazi. Wako wasemao kwamba ana jini, wakampeleka kwa mganga, na mganga akala fedha, na jini likabaki pale pale kwa kuwa halikuwako. Baada ya miaka ishirini ya majina haya mwenyewe huyasadiki. Hapo ndipo madhara makubwa yaanzapo, kwani mtu aliyekwisha sadiki kuwa yeye ni mbovu wa asili haoni sababu ya kujitengeneza.

Madaktari wana jina la hali hii. Huiandika kwa herufi nne, ADHD, nasi kwa lugha yetu twaweza kuiita ila ya kutotulia kwa akili. Zamani ilidhaniwa ni ya watoto peke yao, ya kwamba mtoto akibaleghe huiacha kama aachavyo nguo zilizombana. Leo yajulikana kwamba wengi hukua nayo: utukutu wa miguu hupungua, mtawanyiko wa fikira hubaki. Hesabu zilizokusanywa kutoka nchi mbali mbali na kutolewa mwaka 2009 zaonyesha watu wazima wawili au watatu katika kila mia. Basi msikiti unaojaa watu 400 siku ya Ijumaa huenda una kumi kati yao. Na wanawake pia wanayo, ijapokuwa hutambuliwa kwa kuchelewa, kwa sababu msichana mwenye ila hii aghalabu hukaa dirishani akaota ndoto zake kimya kimya, hali kaka yake avunja vikombe, na mwenye kuvunja vikombe ndiye apelekwaye kwa daktari.

Haikuletwa na malezi mabaya. Ni katika hali zinazorithiwa sana, na mara nyingi baba aliyekwenda na mwanawe kwa daktari hurudi amejitambua mwenyewe. Wala si upungufu wa akili. Hapa ndipo watu wakosapo kufahamu. Mwenye ila hii aweza kukaa usiku kucha juu ya jambo lililomshika moyo, asisikie njaa wala adhana, na asiweze kukaa dakika kumi juu ya hesabu za duka ambazo ndizo riziki yake. Akili anayo, usukani wake ndio haumtii. Kwa hiyo ile hoja ya mpira, ambayo mkewe aiona ni ushahidi wa uvivu, kwa hakika ni katika dalili za ila yenyewe.

La ajabu ni kwamba suali letu lilikuwamo ndani ya elimu hii tangu mwanzo wake. Mwaka 1902 tabibu wa watoto wa Kiingereza aitwaye George Still alisimama mbele ya chuo cha matabibu huko London akawaeleza wenziwe habari za watoto aliowaona: wana akili, wengine wamelelewa vyema, lakini hawawezi kujizuia wala kushika jambo. Jina alilolichagua lilikuwa la maadili kuliko la utabibu. Alisema wana kasoro katika nguvu ya nafsi ya kujizuia kwa ajili ya lililo jema. Yaani tabibu mwenyewe, pamoja na elimu yake, aliona taabu kuweka mpaka baina ya maradhi na tabia. Majina yalibadilika baadaye mara kadha wa kadha. Mwaka 1980 Wamarekani waliipa jina la upungufu wa umakini, na orodha mpya ya maradhi ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 2022, imeiweka humo waziwazi. Kwetu Kenya, mwaka 2011 madaktari wa Eldoret walitoa uchunguzi juu ya dalili hizi walioufanya kwa wanafunzi wa udaktari, watu ambao hapana awezaye kuwaita wapumbavu. Lakini kubadilika kwa jina hakukuondoa suali. Kitu kikishakuwa ni maradhi, je, lawama imekwisha?

Wanavyuoni wa fiqhi wametutangulia katika jambo hili, nasi hatuna haja ya kuanza upya. Wao hutenga dhambi mbali na dhamana mbali. Aliyelala akageuka usingizini akavunja chombo cha mtu hana dhambi, lakini chombo atakilipa. Aliyesahau sala haandikiwi dhambi ya kusahau, lakini akikumbuka yampasa asali. Msahaulifu wetu si mtoto, si mwenye kulala wala si mwendawazimu, hata tuseme kalamu imeondolewa juu yake. Ni mtu mzima mwenye wajibu wake kamili. Udhuru wake wamwondolea tusi, haumwondolei deni. Tena itazame aya ya deni, ambayo ni ndefu kuliko aya zote za Qur'ani. Yaamrisha deni liandikwe, na mashahidi wawekwe, na yataja wazi kwamba shahidi huweza kupotewa na akakumbushwa na mwenziwe. Sharia haikuwawekea watu hukumu kwa kudhani kwamba hawasahau. Iliwajua, ikawapa kalamu na mtu wa pili. Basi inakuwaje sisi tumcheke mwanamume atembeaye na kijidaftari mfukoni, au mwanamke aliyebandika karatasi mlangoni ya kumkumbusha kuzima jiko?

Huyo mtu wa pili ndiye nitakaye kumsema khasa.

Ni nani atakayemwambia msahaulifu maneno hayo mawili pamoja, ya kwamba hana dhambi na ya kwamba atalipa? Jamaa zake wampenda, lakini wamechoka. Kila wakimkumbusha jambo huzuka ugomvi, na wasipomkumbusha jambo huharibika. Daktari ajua, lakini madaktari wa akili ni wachache na ada zao ni nzito, na umwonapo ni nusu saa katika mwezi wa siku thelathini. Dawa zipo, na wengi zimewafaa; lakini hazipatikani kila mahali wala kwa bei ya kila mtu. Ile itumikayo zaidi, methilfenideti, iliombewa mwaka 2019 na tena mwaka 2021 iingizwe katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani, na mara zote mbili wakuu wa orodha hiyo walikataa. Na hata penye dawa, dawa humtuliza mtu asome. Haimfundishi namna ya kumwomba radhi mkewe.

Tumtazame basi mwenziwe wa ila moja. Mfano wa kazi yake uko bara ya Kenya, upande wa Ziwa, katika mji mdogo uitwao Asumbi, njia ya kutoka Rongo katika Migori kwenda Homa Bay. Ni mji wa misheni. Mapadre wa Kikatoliki wa Mill Hill walijenga huko katika karne iliyopita, na leo mna skuli ya wasichana na chuo cha walimu. Lakini wengi hata Nairobi wamelijua jina la Asumbi kwa sababu nyingine: nyumba ya kuwatibia waliotekwa na pombe na madawa ya kulevya. Tiba ya huko si ya vidonge peke yake. Ni kukaa kikao, mlevi mbele ya walevi wenziwe, na kusema kweli. Najua yuko atakayenuna akisikia twachukua funzo kwa misheni. Na anune. Mwenye kiu haulizi kisima kimechimbwa na nani. Huuliza maji ni safi au si safi.

Njia hiyo yatoka Akron, mji wa Ohio, Marekani. Mwezi wa Mei mwaka 1935 mfanya biashara wa New York, Bill Wilson, ambaye alikuwa ameacha pombe kwa miezi michache tu, alikwama katika mji huo baada ya shughuli yake kuharibika. Hotelini alisikia vicheko vya watu wakinywa, akaiogopa nafsi yake. Hakutafuta wa kumtibu wala wa kumuusia. Alishika simu akawapigia viongozi wa makanisa, akiomba aonyeshwe mlevi mwingine wa kusema naye. Akaelekezwa kwa Robert Smith, tabibu wa upasuaji, aliyekuwa ameharibikiwa kwa pombe. Smith alikubali kumsikiliza robo saa, wakakaa masaa. Mwezi wa Juni mwaka huo Smith alikunywa mara yake ya mwisho, na kutoka kwa watu wawili hao ukazaliwa umoja wa walevi walioacha, ambao leo umeenea duniani.

Tazama vyema nani alikuwa akimsaidia nani. Wilson hakwenda kumfanyia Smith hisani, alikwenda kujiokoa. Naye Smith, aliyekwisha kusikia mawaidha ya kila namna, alisikiliza kwa mara ya kwanza kwa sababu msemaji hakuwa juu yake. Hilo ndilo lisilopatikana kwa daktari wala kwa mke. Mwenzio wa ila moja akikusamehe, msamaha wake hauna dharau, kwani yeye naye juzi alimsahau mtoto skuli. Na akikudai, madai yake hayana tusi, kwani milango yote ya kuukimbilia wajibu aijua, amepita humo. Mke akisema "ungalitaka ungaliweza" amejeruhi. Mwenzio akisema "uliandika? basi nionyeshe" hakujeruhi, na hapo hapo hakukuachilia. Udhuru na deni vimekaa katika kinywa kimoja.

Na iko kamba nyingine iungayo Asumbi na suali letu. Mwaka 2012 wataalamu walikusanya chunguzi za nchi kadha za watu waliotekwa na pombe na madawa ya kulevya, wakakuta kwamba karibu mmoja katika kila wanne ana ADHD. Si kwamba kila mwenye ila hii ataishia ulevini, hasha. Lakini mtu aliyeitwa mpumbavu tangu utotoni, na ambaye akili yake haipati utulivu, akikutana na kitu kimpacho utulivu wa saa mbili hukishika kwa mikono miwili. Pwani yetu yalijua hilo kwa msiba wa heroini. Huko Unguja, tangu mwaka 2009, zimefunguliwa nyumba za soba zinazoendeshwa na wale wale waliokuwa wakitumia, na mzazi aliyemkatia tamaa mwanawe amemwona akirudi. Kama twakubali kwamba aliyezama ndiye ajuaye kumvuta mwenye kuzama, kwa nini tungoje mpaka msahaulifu azame ndipo tumtafutie wenziwe?

Walakini mifano hii isichukuliwe kama ilivyo. Mlevi ana kitu cha kuacha, na siku alizokaa bila hicho kitu huhesabika. Mwenye ADHD hana cha kuacha. Hawezi kuiacha akili yake akachukua nyingine. Kwake yeye ushindi si kutubu bali ni kupanga. Barza ya wenye ila hii ikigeuzwa kuwa mahali pa kuungama, kila mtu aje aeleze alivyoharibu wiki hii kisha aende zake amepumua, itakuwa ni hasara juu ya hasara, kwa sababu majuto wanayo tele na hayajawafaa kitu. Kinachotakikana ni habari za kazi: wewe kodi ya nyumba waikumbuka vipi? Dawa za mamako wazipanga wapi? Ulimwambia nini tajiri wako? Mmoja atasema afunga fedha za watu katika kitambaa chekundu, hazichanganyi na zake hata dakika moja. Mwingine atasema hakubali tena miadi ya mdomo. Elimu hii haimo katika vitabu vya madaktari, na iliyomo iliingizwa na wenyewe. Kate Kelly na Peggy Ramundo, wanawake wawili wa Marekani ambao wote wana ila hii, walitoa kitabu mwaka 1993 ambacho jina lake lenyewe ni mshangao wa mtu aliyeambiwa kwamba yeye si mvivu, si mpumbavu wala si mwendawazimu. Kabla yake, mwaka 1987, wazazi wa Florida walikuwa wameanzisha chama cha CHADD kwa ajili ya watoto wao, na haukupita muda watu wazima wakaingia kwa haja zao wenyewe.

Iko desturi moja ya watu hawa nipendayo kuitaja kwa sababu haigharimu hata senti. Hukaa wawili mahali pamoja, kila mmoja na kazi yake, wasisemezane. Huyu apanga risiti zake, yule ajaza karatasi za forodha. Kazi iliyokataa kufanyika mwezi mzima mtu akiwa peke yake, hufanyika alasiri moja kwa kuwa yuko mtu kando yake. Huenda mafundi wetu wa cherehani wakaao barazani wawili wawili waliijua siri hii bila ya daktari.

Utasema: haya ni maradhi ya Kizungu, babu zetu hawakuwa nayo. Nasi twajibu: babu zetu hawakuwa na jina lake. Kila mji una visa vya mzee aliyepanda mashua tatu akasahau ngalawa yake ufuoni, na watu wakacheka, na hapana aliyeuliza nyumbani kwake walikula nini. Zamani, tena, kazi nyingi zilifanywa kwa pamoja na kwa wakati wa maji na wa jua. Leo mtu yu peke yake na fomu, na namba ya siri, na tarehe ya mwisho ya malipo. Ila ni ile ile. Mahali pa kujikwaa ndipo palipozidi.

Utasema pia: kila mvivu sasa atajipa jina hili. Hapana shaka wako watakaojaribu. Lakini madaktari hawampi mtu jina hili kwa kujisemea. Hutaka dalili ziwe zilianza kabla ya miaka 12, na ziwe zaonekana mahali zaidi ya pamoja, si kazini tu penye tajiri asiyempenda. Na mwongo hawezi kukaa sana katika barza ya wenye ila kweli, kwani huko ndiko atakakodaiwa zaidi kuliko nyumbani kwake.

Khofu yangu iko kwingine. Miji yetu ina masikio. Neno lililosemwa baada ya Isha hufika sokoni kabla ya jua kuchomoza, na baba mwenye binti wa kuoza ataogopa kuonekana akiingia katika nyumba ya "wagonjwa wa akili". Mkutano wa Asumbi humfaa mtu wa Mombasa kwa sababu Asumbi ni mbali. Basi atakaye kuanzisha jambo hili kwetu asianze kwa tangazo wala kwa orodha ya majina. Na aanze na watu wawili, kama walivyoanza wale wa Akron, katika chumba chenye mlango, na sharti ya kwanza iwe kwamba lililosemwa humo halitoki. Akitokea mtoa siri mmoja, na atolewe siku hiyo hiyo bila ya kuonewa haya, hata akiwa mtoto wa sharifu. Ushahidi wa kitaalamu juu ya vikao vya namna hii kwa wenye ADHD bado ni mchache kuliko ushahidi juu ya dawa, na asidai mtu ya kwamba barza yakaa mahali pa daktari. Aliye na njia ya kumwona daktari na aende.

Limebaki suali la mke, ambaye katika mazungumzo kama haya husahauliwa, na kusahauliwa amekwisha kuzoea. Mumewe amepata jina la ila yake, amepata wenziwe, arudi nyumbani uso umemkunjuka. Yeye je? Umeme ulikatwa, karo ilichelewa, na ndugu zake wa kiume ndio waliolipa. Hao wote ni wadai, na barza haina mamlaka ya kuwafutia haki zao. Mume akirudi na neno "nina udhuru" peke yake, hajafahamu alichoambiwa, na arudi na daftari, na amwulize mkewe, "Katika haya niliyoyaharibu, lipi wataka nianze nalo?" Jibu huenda likamtia uchungu. Na mke naye ana haki ya kukaa na wanawake wenziwe wenye waume kama huyo, wakasema wanayoyajua. Asitumwe mtoto kwenda kusikiliza mlangoni wanasema nini.